Jinsi ya Kuchora Picha Tuli Inayoonekana Kuzunguka: Mwongozo Kamili

Mwaka 2018 picha moja ilizagaa sana mitandaoni na maelezo yake yakawa hivi: imebuniwa na daktari wa neva wa Kijapani aitwaye Yamamoto, ukiiona imetulia, akili yako imetulia, ukiiona inakwenda polepole, umechoka, ikizunguka kwa kasi, una msongo wa mawazo, kamwone daktari. Uzushi mtupu. Picha ile ilichorwa mwaka 2016 na msanii wa Ukraine, Yurii Perepadia, kwa programu ya Adobe Illustrator, na yeye mwenyewe alijitokeza kukanusha habari za huyo daktari. Mbinu aliyoitumia ilitoka kwa mtu ambaye kweli ni Mjapani, ila si tabibu: Akiyoshi Kitaoka, profesa wa saikolojia katika Chuo Kikuu cha Ritsumeikan, ambaye mwaka 2003 alichora maduara yanayofanana na nyoka waliojikunja, yote yakionekana kuzunguka ilhali hakuna kinachosogea.

Picha ya namna hiyo unaweza kuichora mwenyewe, kwa mkebe wa hesabu na penseli, au kwa simu na mistari michache ya maandishi. Huhitaji kipaji cha uchoraji. Unachohitaji ni kuelewa jambo moja: kinachozungusha picha ni mpangilio wa mwanga na giza. Mikunjo ya nyoka, rangi za kupendeza, idadi ya maduara, vyote hivyo ni mapambo. Ukiukosea mpangilio, mapambo hayatakuokoa.

Mpangilio wenyewe

Kuna vipande vinne vinavyofuatana, kisha vinarudiwa tena na tena:

nyeusi – kijivu kilichokolea – nyeupe – kijivu hafifu

Baada ya kijivu hafifu inakuja nyeusi tena. Hivyo vinne viite fungu moja. Mwendo utauona ukielekea kule kule fungu linakosomeka: kutoka nyeusi kwenda kijivu kilichokolea, kutoka nyeupe kwenda kijivu hafifu. Ukiyapanga mafungu kuzunguka duara kwa kufuata mishale ya saa, duara litazunguka kufuata mishale ya saa. Ukiyapanga kinyume, litarudi kinyume.

Kwa nini? Macho yako hayatulii hata ukijitahidi kuikodolea nukta moja. Yanatikisika kidogo kidogo muda wote, na kila ukipepesa, picha inatua upya kwenye retina, ile sehemu ya nyuma ya jicho inayopokea mwanga. Mwaka 2005 Bevil Conway, Kitaoka na wenzao walipima seli za ubongo wa nyani na kukuta kwamba seli huitikia mapema pale tofauti ya mwanga inapokuwa kubwa, na huchelewa pale tofauti inapokuwa ndogo. Kwa hiyo nyeusi inapiga hodi kabla ya kijivu kilicho jirani yake, na nyeupe inapiga hodi kabla ya kijivu hafifu. Kuchelewa huko ni kwa sehemu ndogo mno ya sekunde, lakini seli zinazoshughulika na mwendo kazi yao ndiyo hiyo: kuona kitu kimeanza hapa, kisha kimetokea pale, na kutoa taarifa kwamba kimesogea. Mwaka 2012 Jorge Otero-Millan, Stephen Macknik na Susana Martinez-Conde walionyesha sehemu iliyobaki ya hadithi: watu waliona mzunguko karibu na nyakati ambazo macho yao yalitikisika au kupepesa, na macho yalipotulia, picha nayo ilitulia.

Hata nzi wanadanganyika. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale waliwaonyesha nzi wa matunda picha zenye mpangilio huu, na nzi wakageuka kana kwamba picha inakwenda kweli. Sidhani kama walikuwa na madeni ya mwisho wa mwezi.

Njia ya mkono: bikari, kipimapembe na penseli

Anza na karatasi nyeupe ya A4, nzito kidogo ukiipata. Weka bikari katikati na uchore miduara minne yenye kitovu kimoja, nusu kipenyo zake zikiwa sentimita 8, 6.4, 5.1 na 4.1. Sasa una pete tatu. Vipimo hivyo sikuvitoa hewani: kila mduara ni kama asilimia 80 ya ule ulio nje yake, hivyo pete zinapungua upana kadiri unavyoingia ndani na vipande vyake vinabaki na umbo lilelile. Pete zenye upana sawa hufanya vipande vya ndani viwe virefu na vyembamba kama vijiti, na mwendo unapungua nguvu.

Kisha gawa duara. Kwa kipimapembe, weka alama kila nyuzi 15 hadi ulizunguke lote. Utapata mafungu 24. Ndani ya kila fungu, gawa hivi: nyuzi 5 za nyeusi, nyuzi 2.5 za kijivu kilichokolea, nyuzi 5 za nyeupe, nyuzi 2.5 za kijivu hafifu. Kwenye ukingo wa nje, nyuzi 5 ni kama milimita 7 na nyuzi 2.5 ni milimita 3 na nusu hivi, kwa hiyo hata mwenye mkono mzito anaweza kupaka bila kuvuka mstari. Vuta mistari kwa rula kutoka ukingo wa nje kuelekea kitovuni, lakini kwa pete ya nje tu kwanza.

Pete ya pili usiipange sambamba na ya kwanza. Isogeze nusu fungu, yaani nyuzi 7.5, ili nyeusi ya pete ya pili ikae mkabala na nyeupe ya pete ya kwanza. Pete ya tatu irudi kwenye mpangilio wa ya kwanza. Bila kusogeza, nyeusi zote zitaungana kuwa miale mirefu kutoka kitovuni, na jicho litaanza kuiona miale badala ya mwendo.

Sasa rangi. Vipande vyeusi vipake kwa maka peni. Wino uwe mzito, usionyeshe mistari ya kalamu. Vyeupe viache kama vilivyo. Kijivu kilichokolea kipake kwa penseli laini, 2B au laini zaidi, ukikandamiza. Kijivu hafifu kwa HB, kwa mkono mwepesi, kisha kisambaze kwa kipande cha tishu ili kisiwe na michirizi. Vipande vya kupaka ni 216, na hapo ndipo watu huchoka na kuanza kuruka. Ushauri wangu: maliza kwanza nyeusi zote kwenye duara zima, kisha kijivu kimoja chote, kisha kingine. Ukienda fungu kwa fungu utachanganya mpangilio mahali fulani, na kosa la namna hiyo halionekani kirahisi. Unaona tu sehemu moja ya duara imegoma.

Kabla ya kupaka pete zote, jaribu na ya nje peke yake. Weka karatasi umbali wa sentimita 40 hivi kutoka usoni, tia nukta pembezoni mwa karatasi nje ya duara, itazame hiyo nukta huku duara likiwa kwenye pembe ya jicho, na pepesa. Likitambaa, endelea.

Njia ya simu au kompyuta

Hii ndiyo ninayoipenda zaidi, kwa sababu ukitaka kubadilisha kitu unabadilisha namba moja badala ya kufuta vipande 70. Haihitaji programu ya kuchorea. Fungua programu yoyote ya kuandikia maandishi matupu, andika haya, kisha hifadhi faili kwa jina nyoka.svg:

```
<svg xmlns="http://www.w3.org/2000/svg" viewBox="0 0 800 800">
<rect width="800" height="800" fill="#fff"/>
<g id="duara" fill="none">

<g stroke-width="76">
<circle cx="400" cy="400" r="342" pathLength="360" stroke="#000" stroke-dasharray="5 10"/>
<circle cx="400" cy="400" r="342" pathLength="360" stroke="#505050" stroke-dasharray="2.5 12.5" stroke-dashoffset="10"/>
<circle cx="400" cy="400" r="342" pathLength="360" stroke="#b4b4b4" stroke-dasharray="2.5 12.5" stroke-dashoffset="2.5"/>
</g>

</g>
</svg>
```

Fungua faili hilo kwa kivinjari, Chrome au Firefox. Utaona pete moja yenye mafungu 24.

Kinachofanyika humo ni rahisi. Kila mstari wa circle ni mduara uliochorwa kwa mstari mnene uliokatika katika. Mzingo wake tumeuhesabu kuwa 360, kwa hiyo kila namba ni nyuzi. "5 10" maana yake paka nyuzi 5, ruka nyuzi 10. Mstari wa pili unapaka 2.5 na kuruka 12.5, na ile namba 10 mwishoni inausogeza uanzie pale nyeusi inapoishia. Wa tatu unakaa mwishoni mwa fungu. Nyeupe haina mstari wake. Ni ile karatasi ya chini inayoonekana kwenye mwanya. Ndiyo maana mstari wa rect usiuache: kwenye simu iliyowekwa rangi nyeusi nyuma, nyeupe zako zinaweza kugeuka nyeusi.

Pete zinazofuata ni kunakili lile kundi dogo la mistari mitano, kuanzia stroke-width hadi linapofungwa, na kulibandika chini yake ndani ya duara. Badilisha namba hizi tu:

- pete ya pili: stroke-width 61, r 273.5
- pete ya tatu: stroke-width 48, r 219
- pete ya nne: stroke-width 39, r 175.5
- pete ya tano: stroke-width 31, r 140.5

Kwa pete ya pili na ya nne, ongeza pia transform="rotate(7.5 400 400)" kando ya stroke-width. Huo ndio ule mwendo wa nusu fungu.

Ikiwa hakuna kinachoonekana, angalia mambo mawili kabla ya kulaumu kitu kingine. La kwanza, alama za kunukuu: kibodi nyingi za simu huziweka zilizopinda, na kivinjari hakizielewi, lazima ziwe zilizonyooka. La pili, jina la faili: baadhi ya programu huongeza .txt mwishoni bila kukuuliza.

Duara moja peke yake linazunguka kiuvivu. Nguvu huja yakiwa mengi, kwa sababu ukitazama moja, mengine yanabaki kwenye pembe ya jicho, na huko ndiko udanganyifu huu unakofanya kazi. Badilisha viewBox iwe "0 0 1600 1600", upana na urefu wa rect uwe 1600, kisha kabla ya mstari wa mwisho kabisa ongeza:

```
<use href="#duara" transform="translate(1600 0) scale(-1 1)"/>
<use href="#duara" transform="translate(800 800) scale(-1 1)"/>
<use href="#duara" transform="translate(800 800)"/>
```

Sasa yako manne, na kila jirani anazunguka kinyume cha mwenzake kama gia za mashine. Hapo tembeza macho juu ya picha, usimkodolee yeyote.

Vunja uone

Usiishie kufurahia. Fanya majaribio matatu, maana hayo ndiyo yatakayokuonyesha nini kinafanya kazi.

Kwanza, badilishana rangi za vijivu: pale palipoandikwa #505050 weka #b4b4b4, na pale pengine kinyume chake. Nyeusi na nyeupe hazijaguswa, umbo halijaguswa, lakini duara litazunguka upande wa pili. Kwangu mimi hakuna ushahidi unaoshinda huu.

Pili, futa mistari ya vijivu, ibaki nyeusi na nyeupe tu. Mzunguko unakufa. Michoro ya nyeusi na nyeupe peke yake inaweza kuonekana ikicheza na kumetameta, lakini haina upande inaoelekea.

Tatu, rudisha vijivu lakini vyote viwili viwe na namba moja, #808080. Fungu sasa linasomeka sawa kutoka kila upande, kwa hiyo ubongo hauna sababu ya kuchagua upande.

Kutia rangi

Kitaoka alitumia bluu mahali pa kijivu kilichokolea na njano mahali pa kijivu hafifu. Bluu kwa asili yake ni nzito na njano kwa asili yake inang'aa, kwa hiyo mpangilio wa mwanga unabaki uleule. Jaribu #2346c8 kwa bluu na #d2c000 kwa njano. Ukizigeuza kuwa kijivu zinakaribia sana zile namba za mwanzo.

Hapa ndipo wengi hupotea. Wanaona kwamba rangi zinabadilishika, basi wanaweka nyekundu na kijani kwa kuwa zimependeza pamoja, picha inakufa, wanadhani wamekosea vipimo. Kumbe rangi hizo mbili, kwa uzito walioziweka, zina mwanga sawasawa. Kwa hiyo kila ukichagua rangi, piga picha skrini, ingiza kwenye sehemu ya kuhariri picha ya simu, ondoa rangi zote ibaki nyeusi na nyeupe. Ukiona ngazi nne zilizo mbali mbali, kwa mpangilio ule ule, rangi zako zinafaa. Ukiona tatu, rudi ukachague tena.

Ikigoma

Anza na macho, si na mchoro. Ukikaza macho katikati ya duara, litasimama. Lazima liwe kwenye pembe ya jicho. Ukikaa nalo karibu mno au mbali mno, vipande vinakuwa vikubwa au vidogo kuliko jicho linavyopenda. Sogea mbele na nyuma polepole hadi liamke. Mwenye miwani aivae. Ongeza mwanga wa skrini, na kama umeichora kwenye karatasi, ipeleke dirishani. Gizani mwendo hufifia.

Baada ya hapo tazama vijivu. Kijivu kilichokolea kikikaribia nyeusi, jicho linaviona kama kipande kimoja kipana cheusi, na fungu linabaki na vipande vitatu. Kosa hili hutokea sana kwenye fotokopi: mashine hukaza nyeusi na kung'arisha nyeupe, vijivu vinaliwa katikati. Ukienda steshenari, omba waprinti kutoka kwenye faili lenyewe, wala usipeleke karatasi ikatolewe kopi. Na kama printa yao inatoa vijivu vizito, punguza #505050 iwe #606060 ujaribu tena.

Kama vipande ni vikubwa, ongeza mafungu. Kwa mafungu 30, kila fungu ni nyuzi 12: nyeusi "4 8", kijivu kilichokolea "2 10" na dashoffset 8, kijivu hafifu "2 10" na dashoffset 2. Nusu fungu itakuwa nyuzi 6, kwa hiyo badilisha pia ile rotate.

Kumbuka pia wapo watu ambao hawaoni kitu. Alex Fraser na Kimerly Wilcox, walioueleza udanganyifu wa aina hii mwaka 1979, waliona hilo mapema, na tafiti za baadaye zimeonyesha kwamba nguvu yake hupungua kadiri umri unavyoongezeka. Kwa hiyo mzee akikwambia mbona karatasi yako imetulia tu, wewe si mwongo na wala macho yake hayana ugonjwa.

Kwa upande mwingine, wapo wanaoona kupita kiasi. Mistari mikali ya nyeusi na nyeupe inaweza kumsumbua mwenye kipandauso, na mwenye kifafa kinachoamshwa na mwanga au michoro asitumike kama wa kujaribiwa. Ukianza kusikia kichefuchefu, funika picha. Kwa maonyesho ya sayansi shuleni, ibandike mahali ambapo mtu anaifuata kwa hiari yake, si ukuta ulio mbele ya madawati.

Ukitaka kumtumia mtu kwa WhatsApp, itume kama hati, usiitume kama picha ya kawaida. Ikitumwa kama picha hubanwa, kingo za vipande huingia ukungu, na kwa picha ndogo hilo linatosha kuupunguza mwendo.

Ukishalimudu duara

Jaribu mchoro wa msanii wa Kijapani Hajime Ouchi wa mwaka 1977. Huu hauna vijivu kabisa na unafanya kazi kwa njia nyingine. Chukua karatasi ya grafu, chagua eneo la miraba 40 kwa 40, katikati chora kwa penseli hafifu duara lenye nusu kipenyo cha miraba 10. Nje ya duara, jaza mistatili iliyolala, urefu miraba 4 na kimo mraba 1, nyeusi na nyeupe kwa kupokezana kama ubao wa drafti. Ndani ya duara jaza mistatili ileile ikiwa imesimama. Ukimaliza, ufute ule mstari wa penseli wa kuzunguka duara. Mpaka ujitengeneze wenyewe pale mistatili inapobadilika upande.

Tembeza macho juu yake au itikise karatasi kidogo, na duara la katikati litaelea, litachomoka kwenye karatasi na kuteleza peke yake. Hapa hutapata mzunguko wenye upande maalumu. Ubongo unakisia mwendo wa mistatili iliyolala tofauti na iliyosimama, ingawa zote zimetikiswa na mkono mmoja, na unatatua ugomvi huo kwa kuvitenganisha kuwa vitu viwili. Ukiona duara limegandana na karatasi, kosa karibu kila mara liko mpakani: kipande cha nje kimevukia ndani, au umeacha ule mstari wa penseli bila kuufuta.